Nani Aliziita Herufi Hizi za Kiafrika?

Zipo herufi ambazo kila msanifu wa michoro wa Arusha, Mombasa au Nairobi anazijua kwa sura, hata kama jina lake hajawahi kulisikia. Ni herufi kubwa tupu, nene, zenye kingo zilizokatika ovyo, kana kwamba aliyezitengeneza alikuwa na tezo mkononi na hakupata muda wa kupiga msasa. Ziko kwenye milango ya magari ya watalii, kwenye fulana za maduka ya zawadi, kwenye majalada ya riwaya ambazo ndani yake hamna hata simba mmoja. Mteja anayezitaka hazitaji kwa jina. Husema tu, "Niwekee ile fonti ya Kiafrika."

Siku hizi ombi hilo huzua ubishi. Wasanifu vijana wengi hulikataa wakisema fonti hiyo ni dhihaka ya wageni. Mteja hashiki hoja yenyewe, anaona amekuja kutengenezewa bango na sasa anapewa mhadhara. Wapo pia wanaosema kelele zote hizi ni bure, kwa kuwa herufi ni herufi. Ubishi hauishi kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake: huyu anazungumzia asili ya fonti, yule anazungumzia maana ambayo fonti imezoea kuibeba, na mwenye duka anataka kujua kama bango lake litasomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Ilikotoka

Mama wa fonti hizi ni Neuland, na haina asili ya Kiafrika. Ilitolewa mwaka 1923 na kiwanda cha kusubu herufi cha Klingspor, katika mji wa Offenbach, Ujerumani. Mwenye kazi alikuwa Rudolf Koch (1876–1934), mwalimu wa sanaa ya maandishi na Mlutheri mshika dini, mtu ambaye sehemu kubwa ya kazi zake ilihusu maandiko matakatifu na alama za Kikristo.

Kilichoipa Neuland sura yake ni namna ilivyotengenezwa. Desturi ya viwanda vya wakati ule ilikuwa msanifu achore herufi kwenye karatasi, kisha fundi mwingine aichonge katika chuma, hatimaye imiminwe kwa risasi. Koch aliruka hatua ya kwanza. Alichonga mwenyewe moja kwa moja kwenye chuma bila mchoro wa kufuata. Ndiyo maana kingo zina mikato, na ndiyo maana Neuland ya risasi haikuwa sawa kutoka kipimo hadi kipimo: A ya kichwa cha habari haikuwa A ya mstari mdogo iliyopanuliwa, ilikuwa imechongwa upya. Kompyuta imelifuta hilo. Toleo tunalopakua leo kwa kawaida lina umbo moja linalovutwa au kufinywa, hivyo mkato uliokuwa alama ya mkono wa mtu unajirudia vilevile katika kila A ya bango. Anayesifu fonti hii kwa kuwa "ya mkono" anasifu kitu ambacho kwa sehemu kubwa kilibaki Offenbach.

Hata hivyo, kusema kwamba Afrika haihusiki kabisa ni kurahisisha mno. Koch alifanya kazi katika Ujerumani ambayo ladha yake ya sanaa ilikuwa imebadilika. Tangu mwaka 1905, wachoraji wa kundi la Die Brücke mjini Dresden walikuwa wakichapa picha za kuchonga kwenye mbao, zenye mistari mizito na makovu ya patasi. Walijifunza kwa wachongaji wa Kijerumani wa zama za kati, lakini pia walikuwa wakitazama vinyago na nakshi za Afrika na visiwa vya Pasifiki katika majumba ya makumbusho, majumba yaliyojazwa na vitu vya makoloni, eneo lililokuja kuitwa Tanganyika likiwa mojawapo. Hakuna sababu ya kusema Koch aliiga kinyago. Ila macho yaliyoipokea kazi yake yalikwisha kufundishwa kuona ukali wa patasi kama dalili ya watu "wa asili", na fundisho hilo ndilo lililoendelea kuishi baada ya Koch kufa.

Ilivyogeuzwa

Ilikuwaje basi herufi za Mlutheri zikaishia kwenye duka la vinyago? Maelezo yanayotajwa zaidi ni ya Mmarekani Rob Giampietro, katika makala yake ya mwaka 2004. Kwa ufupi, anaeleza kwamba wasanifu wa Marekani waliipokea Neuland wakiwa na kumbukumbu ya herufi nene za mbao za karne ya 19, zile za matangazo ya sarakasi, tumbaku na maonyesho ya vichekesho yaliyowadhihaki Weusi. Herufi za namna hiyo zilihesabiwa za kelele na bei rahisi, zisizofaa kitabu cha heshima. Neuland ikaingia katika chumba hichohicho, na polepole ikawa alama ya kazi zinazohusu watu Weusi na Afrika.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba umbo lenyewe halina taifa ni fonti ya pili inayoitwa ya Kiafrika, Lithos. Hii ilisanifiwa na Carol Twombly kwa kampuni ya Adobe mwaka 1989, naye alianzia kwenye maandishi ya Wagiriki wa kale yaliyochongwa kwenye mawe. Mjerumani mmoja na mawe ya Ugiriki: hao ndio wazee wawili wa "fonti za Kiafrika". Wakati huohuo, maandishi yaliyobuniwa na Waafrika wenyewe, kama Vai wa Liberia, Bamum wa Kamerun na N'Ko ya Solomana Kanté ya mwaka 1949, hayamjii mtu akilini anapoomba kitu chenye sura ya Afrika. Mzimbabwe Saki Mafundikwa, aliyeanzisha chuo cha usanifu cha ZIVA mjini Harare mwaka 1999, alitoa mwaka 2004 kitabu kizima juu ya maandishi hayo. Hakuna duka la zawadi lililobadili fulana zake.

Kisha kuna filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993. Jina lake limeandikwa kwa herufi za Neuland zenye mstari ndani. Hadithi yenyewe inatokea kisiwa cha kubuniwa karibu na Costa Rica na wahusika wake wakuu ni dinosaria, wanyama waliotoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Mtazamaji hakushangaa, kwa sababu ujumbe wa herufi ulikuwa umekwisha kuwa pori, hatari, kabla ya ustaarabu. Tukiisoma fonti hiyohiyo kwenye kitabu cha mwandishi wa Kampala, tunajua amewekwa kapu moja na nani.

Hoja ya sokoni

Wanaoitetea fonti hii si wajinga, na hoja yao kuu ni ya biashara. Bango lina sekunde chache. Mtalii anayeshuka Kilimanjaro akiona mstari wa Neuland anaelewa kabla hajasoma: hapa wanauza safari. Maana hiyo haikutungwa na mwenye kampuni, ameikuta tayari, na kuikwepa ni kujiongezea gharama ya kujieleza upya. Wachina wa Marekani walifanya hesabu hiyohiyo. Herufi zilizojifanya mipigo ya brashi, ambazo chanzo chake kinatajwa kuwa fonti ya kiwanda kimoja cha Cleveland ya mwaka 1883, hazikuwa za Kichina hata kidogo, lakini wenye mikahawa wengi wa Kichina walizitundika mlangoni kwa hiari yao na wakasomesha watoto.

Ipo pia sababu ya ufundi, nayo haipewi uzito unaostahili. Herufi nene zenye kingo mbovu husamehe uchapaji mbaya. Kwenye fulana ya kuchapwa kwa wavu, mstari mwembamba hukatika au kuziba wino, mnene hupita. Ukingo ukichafuka kidogo hakuna atakayejua, maana ulikuwa mchafu tangu mwanzo. Kwa karakana inayochapa juu ya turubai, gunia la kahawa au ubao usiolainishwa, hiyo ni faida halisi kuliko nadharia yoyote.

Udhaifu wa hoja hii uko palepale penye nguvu yake. Alama inayotambulika na wote haimtambulishi mmoja. Kampuni zote za barabara moja zikivaa herufi zilezile, mgeni anajua kwamba zinauza safari lakini hajui ni ipi aliyosifiwa na rafiki yake. Halafu hoja yenyewe inamhusu mgeni tu. Mwenye duka la dawa wa Morogoro, mchapishaji wa riwaya kwa wasomaji wa Kiswahili, mwandaaji wa tamasha la taarabu, hawa wanawauzia watu wasiohitaji kukumbushwa kwamba wako Afrika.

Hoja ya kukataa

Upande wa pili husema: ukali huu si wetu, ni picha ya namna tulivyotazamwa. Hapa pana ushahidi mwingi kuliko wanaoutoa wenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuanze na maandishi ya kale ya kuonyeshwa hadharani katika pwani ya Waswahili. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe, ncha za herufi zikichipua maua, kwa unadhifu ambao bado humnyamazisha fundi wa leo. Kama kuna mtu anatafuta mkono wa Mwafrika Mashariki ulioshika patasi, uko pale, na haufanani na Neuland kwa lolote.

Njoo kwenye kanga. Jina la kanga liliwahi kuandikwa kwa hati za Kiarabu. Baadaye yakaja maandishi ya Kilatini, karibu daima kwa herufi kubwa. Na herufi hizo ni za kawaida kabisa, zimenyooka, hazina pembe wala makovu. Kanga za Mali ya Abdulla wa Mombasa zimebeba maneno makali kizazi baada ya kizazi bila kuhitaji herufi zinazonguruma. Ukali umo katika fumbo, herufi inakaa kimya ili jirani asome vizuri.

Mtazame pia fundi wa mabango anayeandika ukuta wa saluni au ubavu wa daladala. Anapiga mstari kwa uzi na chaki. Anapima nafasi. Anaweka kivuli upande mmoja na mng'ao upande wa pili ili herufi itokeze kama ya chuma. Sifa anayoitafuta ni watu waseme kazi imenyooka utadhani ya mashine. Ule ukali unaouzwa kama roho ya mkono wa Kiafrika ndio hasa fundi wa Kiafrika anaopambana nao siku nzima, na ukijitokeza mteja anakata hela. Mwaka 1998 bustani ya Disney ya Florida ilifungua mji wa kubuni ulioitwa Harambe, ulioiga miji ya pwani yetu, ukiwa na kuta zilizochakazwa kwa makusudi. Huko, kuchakaa ndiko kunakolipiwa.

Hoja ya kukataa, kwa hiyo, imesimama vizuri kwenye historia. Inapojikwaa ni pale inapogeuka kuwa mwiko wa kila herufi isiyo laini. Afrika Kusini ina utamaduni mrefu wa picha za kuchonga kwenye lino, na mabango ya kupinga ubaguzi yalitoka kwenye mikono yenye haraka na vifaa vichache. Ukali wa mabango yale haukuwa mapambo. Ulitokana na hali ya kazi, na kuulainisha leo kungekuwa uongo wa namna nyingine.

Mfano ninaouona una uzito kuliko yote ni Mahakama ya Katiba ya Johannesburg, ambayo jengo lake lilifunguliwa mwaka 2004 juu ya ardhi ya gereza la zamani, walimowahi kufungwa Gandhi na Mandela. Msanifu Garth Walker wa Durban alitengeneza herufi za jengo hilo akianzia kwenye vibao vya gereza na michoro ambayo wafungwa waliikwaruza kutani. Kwa herufi hizo jina la mahakama limeandikwa mbele ya jengo katika lugha zote 11 zilizokuwa rasmi wakati huo. Zina ukakasi, hazilingani, na hakuna aliyewahi kuziita za watalii. Makwaruzo yake yana anwani. Ukiuliza kwa nini herufi hii imepinda, lipo jibu, na jibu linahusu mahali hapo na si bara zima.

Mtihani wa lugha

Katika ubishi wote huu, jambo moja huachwa: je, fonti inayoitwa ya Kiafrika inaweza kuandika lugha za Kiafrika? Kiswahili kina bahati, hakihitaji alama juu ya herufi, na ndiyo maana wasanifu wetu wengi hawajawahi kugundua tatizo. Lakini hata sisi hatupiti bila mikwaruzo. Herufi tunayoitumia kuliko zote ni A. Katika Neuland, A ni pande zito lenye tundu dogo. Ukiandika WANANCHI WA KATA unapata safu ya pembetatu nyeusi ambayo jicho linateleza juu yake. Maneno yetu pia ni marefu. Kiingereza kinaweka neno fupi katikati ya bango na kumaliza, ilhali kitenzi kama TUTAKAPOKUTANA kwa herufi nene zilizobanana ni ukuta. Fonti ya namna hii inafaa jina la neno moja au mawili, basi. Anayeiwekea aya nzima ya kipeperushi, hata awe na nia njema, hataki kusomwa.

Kisha kuna ng'. Katika fonti nyingi za ukali wa kuigiza, ile alama ya juu imetengenezwa kwa kusahauliwa: ama imeachiwa pengo kubwa ama ni kipande kisichofanana na herufi nyingine. Msanifu anaona inaharibu sura, anaifuta, na ng'ombe anakuwa ngombe.

Majirani wana tabu zaidi. Gĩkũyũ na Kĩkamba zinahitaji ĩ na ũ. Kihausa kina ɓ na ɗ, Kiewe kina ŋ na ƒ. Chukua jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi ambaye ugomvi wa maisha yake ulikuwa juu ya lugha za Kiafrika, ulijaribu katika fonti zozote tano zenye simba au ngao kwenye picha ya tangazo. Nyingi zitakupa mraba mtupu, au zitaazima ũ kutoka fonti nyingine na kuichomeka katikati kama mgeni aliyekosea harusi. Kwangu mimi hili ni kosa kubwa kuliko lile la asili. Fonti iliyozaliwa Ujerumani lakini inayoandika jina la Ngũgĩ kikamilifu imeifanyia Afrika kazi kuliko ile yenye madoa ya chui isiyoweza.

Mizani

Nikizipima pande hizi, hoja ya "herufi ni herufi" ndiyo inayoanguka kwanza. Ingekuwa kweli, mteja asingeomba fonti ya Kiafrika. Angeomba yoyote nene. Anaiomba kwa sababu inasema kitu. Hoja ya soko inabaki hai kwa eneo dogo: biashara inayomlenga mgeni, jina fupi, uchapaji wa vifaa duni. Hapo msanifu anayekataa kabisa anamnyima mteja chakula kwa ajili ya usafi wake mwenyewe, ingawa anawajibika kumwambia kwamba atafanana na majirani. Nje ya eneo hilo, hasa kwenye vitabu, elimu, afya na utamaduni unaojisemea wenyewe, sioni cha kuitetea. Jalada la riwaya lenye Neuland na mwembe wa jioni linamwambia msomaji wa Dodoma kwamba kitabu hicho kiliandikiwa mtu mwingine.

Kutengeneza fonti zetu ndilo jibu linalopigiwa makofi, nalo ni zuri, lakini bei yake husemwa kwa sauti ndogo. Fonti kamili yenye herufi kubwa na ndogo, tarakimu, alama na zile ĩ na ũ ni kazi ya miezi, na soko letu limezoea kupakua bure au kunakili bila leseni. Hadi hapo patakapokuwa na taasisi, mchapishaji au wizara inayolipia, kazi hizo zitabaki chache.

Ila mahitaji mengi hayadai fonti. Jina la duka ni herufi nane au kumi. Kichwa cha tamasha ni maneno matatu. Kwa kazi hiyo kinachotakiwa ni mtu wa kuandika maneno hayo mara moja, vizuri, na mtu huyo yuko mtaani na brashi yake. Aandike kwenye karatasi, ipigwe picha, isafishwe kwenye kompyuta, mteja apate herufi ambazo hakuna mwingine anazo, zenye ukali au unyoofu uliotokana na mkono halisi. Gharama yake mara nyingi haitazidi siku moja au mbili za fundi. Ubaya wake ni kwamba haibadiliki kirahisi: mteja akifungua tawi Tabora na kutaka jina jipya, anamrudia fundi.

Na fundi huyo lazima alipwe kama msanifu, si kama kibarua wa rangi. India imekwisha kuonyesha njia moja, kupitia mradi ulioanzishwa na msanii Hanif Kureshi wa kuhifadhi herufi za waandishi wa mabango wa mitaani. Fonti zilizotokana nao zinabeba majina ya mafundi wenyewe, na mpango ulikuwa mapato ya mauzo yawafikie pia. Kwetu makubaliano ya namna hiyo hayajazoeleka. Msanifu anayepiga picha ukuta wa kinyozi, akaugeuza fonti na kuiuza nje kwa jina lake, haonekani kuwa amevunja desturi yoyote. Mkataba wa ukurasa mmoja, unaotaja jina la mwandishi wa herufi, malipo ya kwanza na mgawo wa mauzo yatakayofuata, unaweza kuanza kutumika kesho bila kusubiri sheria.